Geji ya presha ya petroli: Namna ya kuifunga bila kuchoma gari

NYANYA hazisubiri. Mfanyabiashara aliyepakia matenga yake Ilula, mkoani Iringa, akitaka yafike Dar es Salaam kabla soko halijachangamka, anajua kwamba gari likigoma njiani kwa saa sita tu, bei atakayoikuta si ile aliyoambiwa kwenye simu. Vivyo hivyo kwa anayetoa vitunguu Ruaha Mbuyuni kupeleka Iringa mjini. Gari linaweza kwenda vizuri kwenye tambarare, lakini likifika mlima wa Kitonga linaanza kumisi, linakosa nguvu, na mwishowe linazima katikati ya kona huku malori yakipiga honi nyuma yake.

Linalofuata baada ya hapo linafahamika na kila mwenye gari la biashara. Fundi anabadilisha plagi. Gari linarudi barabarani, mlimani linazima tena. Inabadilishwa filta ya mafuta, kisha pampu, na pampu yenyewe ni ya mtumba iliyotolewa kwenye gari jingine ambalo hakuna anayejua liliishaje. Fedha za misimu miwili zinaishia kwenye vipuri, na tatizo lipo pale pale. Mara nyingi chanzo huwa ni kitu kidogo: ungo wa pampu ndani ya tangi umejaa uchafu, mpira wa kurudisha mafuta umebanwa, au waya wa pampu umeliwa na kutu kiasi kwamba umeme unaofika ni pungufu.

Kipimo kimoja tu kingeweza kuokoa fedha hizo, nacho ni presha ya petroli inayofika kwenye injini. Ndiyo maana geji za presha zimeanza kuonekana kwenye magari ya wafanyabiashara, hasa wale wanaotumia Noah, Hiace, Probox na pikapu za petroli. Zinauzwa kwenye maduka ya vipuri Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, na nyingine huja mikononi mwa watu wanaotoka nje. Geji yenyewe si ya ajabu. Hatari iko kwenye namna inavyofungwa, kwa sababu kuifunga ni kukata njia ya petroli yenye presha na kuweka kiungo kipya juu ya injini ya moto. Kiungo hicho kikivuja hata tundu la sindano, petroli haidondoki matone bali inapuliza kama dawa ya kunyunyizia mahindi, na inachotafuta ni cheche moja tu.

Petroli inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali kuliko yoyote inayojulikana Njombe au Makete. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu na kutawanyika kama moshi. Unashuka, unatambaa sakafuni na kujaa kwenye mashimo. Shimo la gereji ambalo fundi anaingia kukagua gari kwa chini ndilo mahali pabaya kuliko pote pa kufungulia mpira wa petroli.

PRESHA YA KIASI GANI?

Kwenye magari ya petroli yenye mfumo wa nozo, pampu ya umeme iliyomo ndani ya tangi husukuma mafuta kupitia filta hadi kwenye bomba linaloyagawa kwa nozo, ambalo mafundi hulifahamu kwa jina la reli. Kuna kifaa kingine, regulata, kinachohakikisha presha haizidi wala haipungui. Kwenye magari ya zamani regulata huwa juu ya injini na mafuta yaliyozidi hurudi tangini kwa mpira wa pili. Kwenye mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea, regulata iko ndani ya tangi na mpira wa kurudisha haupo.

Injini ya 1NZ ya Toyota, ambayo imejaa nchini kwenye Probox, Succeed na baadhi ya IST na Vitz, inatakiwa isome kati ya psi 44 na 50. Injini ya zamani ya 3S-FE, iliyokuwa kwenye Noah na RAV4 za miaka ya 1990, inatakiwa isome kati ya 38 na 44 pale mpira mwembamba wa upepo unapochomolewa kwenye regulata. Mpira huo ukirudishwa, injini ikiwa sailensa, presha hushuka kwa psi kadhaa, na hilo si kasoro. Geji nyingine zimeandikwa kwa bar au kPa. Bar 1 ni sawa na psi 14.5, au kPa 100. Kwa kulinganisha, upepo wa tairi la gari dogo ni kama psi 30. Petroli inayopita karibu na eksozi ina msukumo kuliko tairi, jambo ambalo mtu anayeshika spana kwa haraka hupenda kulisahau.

Gari la kabureta ni habari nyingine. Pampu yake husukuma psi 3 hadi 6 tu, na geji ya kufika 100 haitaonyesha lolote la maana hapo. Mwenye gari la namna hiyo asipoteze fedha zake.

Kuna magari ambayo geji hii haipaswi kuguswa nayo kabisa upande wa presha kubwa, na hapa kuna mtego unaowahusu Watanzania wengi. Noah na Voxy nyingi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2001 hadi 2007 zina injini ya 1AZ-FSE, ile yenye maandishi ya D-4 kwenye mfuniko wake. Injini hiyo ina pampu mbili. Ya tangini ni ya kawaida, lakini ya pili, iliyoko kwenye injini, hupandisha presha kupita psi 1,000 ili petroli ipulizwe moja kwa moja ndani ya silinda. Geji ya dukani yenye mwisho wa 100 ikifungwa baada ya pampu ya pili itapasuka, na petroli itammwagikia aliyeinama juu yake. Kwa injini hizo, kipimo kinachukuliwa kabla ya pampu ya pili tu, tena na fundi anayeijua D-4, si anayejifunzia hapo.

Kwa dizeli za kisasa hatari ni kubwa zaidi. Hilux na magari mengine yenye mfumo wa reli moja ya dizeli hufikisha presha inayoweza kupita psi 20,000. Mvujo wa presha hiyo unatoboa ngozi. Jeraha linaonekana kama la kuchomwa na mwiba na halimuumi mtu sana mwanzoni, kumbe dizeli imeingia ndani ya nyama na inaharibu kidole kizima. Aliyepatwa na hilo hapaswi kupaka spiriti na kuendelea na kazi. Apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo, na aeleze wazi kuwa ameingiwa na dizeli ya presha. Wakulima wenye matrekta nao walizingatie hili, kwani hata trekta la zamani lina presha ya kutosha kwenye mabomba ya nozo kutoboa mkono wa anayepapasa kutafuta panapovuja. Panapovuja hutafutwa kwa kipande cha boksi, si kwa kiganja.

Maelezo yanayofuata ni ya gari la petroli lenye nozo za kawaida, ambalo ndilo wafanyabiashara wengi wadogo wanalo.

GEJI NI ZA AINA NYINGI

Ipo geji ya kupimia, yenye mpira mrefu na viungo vya aina mbalimbali ndani ya kisanduku. Inafungwa, inasomwa, inafunguliwa. Ipo geji ndogo ya mshale inayokaa chini ya boneti muda wote. Na ipo ya umeme, ambayo sensa yake inakaa kwenye injini na waya tu ndizo zinazopita kwenda kwenye saa iliyoko dashibodini.

Jambo moja halina mjadala: geji ya mshale inayosukumwa na petroli yenyewe isiingizwe ndani ya gari anakokaa dereva. Baadhi ya watu hupitisha bomba jembamba la petroli kwenye ukuta wa injini hadi dashibodini ili dereva aone mshale akiwa anaendesha. Siku bomba hilo likichubuka, petroli yenye psi 45 itapuliza kwenye magoti ya dereva, pengine akiwa na sigara mdomoni, na watu watatu wamebanana kiti cha mbele. Anayetaka kusoma presha akiwa kwenye usukani anunue ya umeme. Asiyemudu ya umeme aache ya mshale chini ya boneti, aisome gari likiwa limesimama.

Geji za mshale zilizojazwa kimiminika kama mafuta ndani ya kioo ni nzuri kwa kuwa mshale hautetemeki, lakini zikipata joto la injini husoma pungufu au zaidi kwa sababu kimiminika kinatanuka. Nyingi zina kizibo kidogo cha mpira juu cha kutoa hewa. Bila kujua hilo, mtu anaweza kuhukumu pampu nzima kwa kosa la joto.

Mnunuzi achague geji ambayo presha ya gari lake itaangukia katikati ya saa. Kwa gari la psi 45, saa ya 0 hadi 100 inafaa. Kisha aangalie nyuzi za kufungia. Hapa ndipo vimevuja vingi. Geji kutoka Marekani na nyingi za China huja na nyuzi za inchi moja ya nane za Kimarekani, zenye mizunguko 27 kwa kila inchi. Za Japani na Uingereza zenye ukubwa ule ule zina mizunguko 28, na pembe ya nyuzi zake ni tofauti. Ukizijaribu kwa mkono zinaingiliana raundi mbili tatu, fundi anaridhika, anakaza kwa spana mpaka zinashika. Zimeshika kwa kuharibiana. Kiungo kama hicho kinaweza kukaa wiki mbili bila tatizo, kisha barabara ya vumbi yenye matuta ikakilegeza. Dawa ni kununua geji na kiungo chake pamoja, vya asili moja.

Mpira nao usichukuliwe popote. Mpira wa maji ya rejeta hulainika ukikutana na petroli, na ule mweupe unaopitisha mwanga unaotumika kwenye pikipiki na jenereta haukutengenezwa kwa presha ya nozo. Mpira sahihi huandikwa ubavuni mwake. Alama ya 30R9 ina maana unafaa kwa mfumo wa nozo. 30R7 ni kwa presha ndogo kama ya kabureta. Mpira usio na maandishi yoyote ubaki dukani, hata kama muuzaji anaapa. Klipu za kubania ziwe zile zenye ukingo laini zinazozunguka mpira wote, kwani za kawaida zenye matundu hukata mpira taratibu kila zinapokazwa.

Kuhusu utepe mweupe wa mafundi bomba, mafundi wengi huuzungushia kila kitu. Kwenye njia ya petroli ni vyema usitumike. Vipande vyake hukatika, vikasafiri na mafuta na kuziba nozo, na hapo mwenye gari amenunua tatizo jipya kwa fedha zake mwenyewe. Ipo gundi ya nyuzi isiyoyeyuka kwa petroli, inapakwa kidogo, ikiacha nyuzi mbili za mwanzo bila kitu. Kiungo kinachobana kwa washa hakihitaji gundi wala utepe.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Kazi ifanyike nje, mchana, penye upepo, injini ikiwa imepoa kabisa. Gari lililotoka safari liachwe saa kadhaa. Jirani asiwe anachomelea, mama lishe asiwe na jiko la mkaa hatua chache kutoka hapo, na taa ya balbu ya kuning'iniza isitumike, kwa sababu balbu hiyo ikianguka na kupasuka huku kuna mvuke wa petroli hakuna atakayepata muda wa kukimbia. Mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe karibu, mikononi mwa mtu wa pili ambaye kazi yake ni hiyo tu. Ndoo ya maji haisaidii. Petroli huelea juu ya maji ikiwa inawaka na kusambaa nayo.

Kisha presha iliyomo itolewe. Fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta ichomolewe, injini iwashwe, iachwe mpaka izime yenyewe kwa kukosa mafuta, halafu ipigwe stata tena kwa sekunde chache. Mfuniko wa tangi ufunguliwe ili mvuke utoke. Baada ya hapo ndipo waya wa hasi wa betri uondolewe. Utaratibu huu una sababu zake: betri ikiondolewa kwanza, injini haiwezi kuwashwa kumaliza presha. Hata ikishafanyika hivyo, petroli kidogo hubaki kwenye bomba, kwa hiyo kiungo kifunikwe kwa kitambaa na kifunguliwe polepole, macho yakiwa mbali. Kitambaa hicho kikishalowa kisitupwe kwenye pipa la gereji, kianikwe mahali pa wazi.

Swali linalofuata ni wapi pa kuunganisha. Kwenye Toyota nyingi za zamani, bomba linalotoka kwenye filta au linaloingia kwenye reli limefungwa kwa boliti yenye tundu katikati, na washa mbili, moja kila upande. Hapo ndipo pazuri, kwa sababu kuna boliti maalumu zenye nafasi ya kufungia geji, na hakuna kinachokatwa. Washa zote mbili ziwe mpya. Washa ya zamani imeshabonyea kwa umbo la mahali ilipokuwa, na kuirudisha ili kuokoa fedha ya chai ni kutafuta mvujo.

Pasipo na boliti hiyo, kiungo cha umbo la T kinaweza kuwekwa kwenye sehemu ya mpira kati ya filta na reli. Bomba la chuma au la plastiki ngumu lisikatwe kwa msumeno na kuunganishwa kwa mpira. Magari mapya yana viungo vya plastiki vya kubofya na kuvuta. Kwa hayo lazima kipatikane kiungo cha T chenye midomo ya aina hiyo hiyo na ukubwa huo huo. Kisipopatikana, kuacha kazi si aibu, na mteja anayemlazimisha fundi aendelee ndiye wa kulaumiwa.

Chini ya boneti kuna mipira mitatu inayofanana: wa kupeleka petroli, wa kurudisha, na wa mvuke wa tangi. Geji ikifungwa kwenye mpira wa kurudisha itasoma karibu na sifuri hata pampu ikiwa nzima kabisa, na mwenye gari ataambiwa anunue pampu. Wa kupeleka unafuatwa kwa macho kutoka kwenye filta. Kukisia hakutoshi.

Geji au sensa isininginie kwenye reli kwa kiungo kirefu cha shaba. Injini inatetemeka, na barabara za vijijini zinaongeza. Kiungo kirefu chenye uzito mwishoni hupata ufa kwenye shingo pale pale kinapoingia, na kikikatika hakuna cha kuizuia petroli. Inatakiwa mpira mfupi wa presha, wenye suka ya waya, uitoe geji kwenye injini na kuipeleka kwenye bodi la gari, ambako inafungwa kwa kibanio imara. Mpira huo upite mbali na eksozi, feni, mikanda na ncha za betri, na uachiwe ulegevu kidogo kwa sababu injini huyumba gari likiondoka.

Kwa geji ya umeme, waya wa moto uchukuliwe mahali panapopata umeme swichi ikiwashwa tu, na uwe na fyuzi yake ndogo karibu na pale ulipochukuliwa. Usichukuliwe kwenye waya wa pampu ya mafuta. Pale waya zinapopita kwenye ukuta wa injini pawekwe bushi ya mpira, la sivyo bati litazichuna. Sensa yenye waya mmoja hupata hasi kupitia mwili wake, kwa hiyo ikifungwa kwenye bodi lenye rangi au kwenye mpira, iongezewe waya wa hasi, vinginevyo saa itasoma uongo.

KUJARIBU, NA JARIBIO LISILOFAA

Kila kitu kikishakazwa, viungo vifutwe vikauke. Betri irudishwe, kisha fyuzi ya pampu. Kwenye Nissan nyingi, swichi ikiwashwa pampu huvuma kwa takribani sekunde moja kabla injini haijawaka, na hiyo inatosha kujaza presha. Irudiwe mara tatu nne. Toyota nyingi za zamani hazifanyi hivyo, pampu husubiri stata. Fundi anaweza kuunganisha tundu la FP na la +B kwenye kisanduku cha kupimia kilicho chini ya boneti, swichi ikiwa imewashwa, pampu ikafanya kazi injini ikiwa imezimwa. Huu ndio wakati wa kutafuta mvujo, wakati hakuna plagi inayotoa cheche wala feni inayozunguka. Karatasi laini kavu izungushwe kwenye kila kiungo. Ikilowa, kazi inarudi mwanzo, pamoja na kutoa presha. Kiungo kinachovuja hakikazwi kikiwa na presha.

Kikiwa kikavu kwa dakika kumi, injini iwashwe na mtu aendelee kuangalia. Gari liende mzunguko mfupi bila mzigo, lirudi, likaguliwe likiwa na moto, na likaguliwe tena kesho yake asubuhi likiwa limepoa. Viungo vingi huonyesha tabia yake baada ya kupata joto na kupoa. Gari lisipakiwe matenga siku hiyo hiyo.

Geji ikiwa imeshafungwa salama, masomo yake ni rahisi. Injini ikiwa sailensa presha iwe ndani ya kiwango cha gari hilo. Ikikanyagwa ghafla isishuke. Kwenye magari yenye regulata juu ya injini hata inapanda kidogo. Kinachotafutwa hasa ni inavyokuwa mlimani. Ikianza vizuri na kushuka taratibu injini inapovuta mzigo, njia ya mafuta ni nyembamba: filta, ungo wa tangini, au pampu iliyochoka. Ikiwa juu kupita kiwango, mpira wa kurudisha umebanwa au regulata imekwama. Mpira mwembamba wa regulata ukichomolewa ukakutwa na petroli ndani, utando wake umepasuka na gari linakula mafuta kwa njia isiyo yake. Injini ikizimwa, Toyota nyingi hutakiwa kubaki na psi 21 au zaidi baada ya dakika 5. Ikishuka haraka, kuna valvu ya pampu isiyofunga au nozo inayodondosha, na hiyo ndiyo sababu ya gari kupigwa stata ndefu asubuhi. Na ikiwa presha iko sawa mlimani huku gari bado linamisi, pampu haina kosa. Fundi aende kwenye koili na plagi.

Presha ikiwa ndogo, kabla ya kununua pampu upimwe umeme kwenye plagi ya pampu, injini ikiwa inafanya kazi. Pampu inayotaka volti 12 na kupata 9 haiwezi kusukuma inavyotakiwa, na pampu mpya itakayowekwa hapo nayo itaonekana mbovu.

Ni katika hatua hii ambapo baadhi ya mafundi hufanya jambo linaloonekana la kijanja. Wanavuta waya moja kwa moja kutoka kwenye swichi hadi kwenye pampu, presha inapanda, mteja anafurahi na kulipa. Alichopoteza mteja hakioni. Kompyuta ya gari imewekwa izime pampu injini ikisimama. Gari likipinduka na bomba likakatika, injini inazima na pampu inapaswa kunyamaza ndani ya muda mfupi. Kwa waya wa moja kwa moja, pampu inaendelea kumwaga petroli chini ya gari lenye watu ndani mpaka mtu azime swichi. Mwenye gari lililowahi kufanyiwa hivyo aliangalie upya. Dalili yake ni pampu inayovuma bila kukoma swichi ikiwashwa, injini ikiwa haijawaka.

Geji haionji mafuta. Inapima msukumo, haijui kama kinachosukumwa ni petroli safi au imechanganywa na kitu kingine. Tatizo la uchakachuaji lilifanya EWURA ianze kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iishe. Maji na uchafu wa kwenye madumu ni suala jingine, na hapo wafanyabiashara wengi wana mchango wao. Pampu ya ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka. Gari linalowekewa lita 3 leo na lita 4 kesho, taa ya mafuta ikiwaka kila siku, linaipika pampu yake na kuinywesha matope ya chini ya tangi. Robo tangi ibaki kila wakati, na wengi hawatahitaji geji.

Kwa mwenye gari moja, geji ya kudumu si lazima. Kinachomfaa ni fundi mwenye geji ya kupimia, apime kwa nusu saa, asome namba mbele yake, kisha afungue na kurudisha washa mpya. Kiungo ambacho hakipo hakivuji. Wenye magari matatu manne, au wanaopaki pamoja kwenye kijiwe kimoja cha mizigo, wanaweza kuchanga wakanunua ya kupimia iliyo bora na kumkabidhi fundi wanayemwamini. Namba zinazosomwa ziandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe na idadi ya kilomita, kwani pampu inayokufa hushuka psi moja moja kwa miezi kabla haijamwacha mtu Kitonga.

Dereva wa gari lililofungwa geji, awe mwenyewe au wa kuajiriwa, aonyeshwe ilipo fyuzi ya pampu na aambiwe afanye nini akisikia harufu ya petroli njiani: aegeshe, azime swichi, ashushe watu na kuwapeleka upande upepo unakotokea. Kama kuna moshi, boneti isiinuliwe yote, kwa kuwa moto uliokosa hewa hulipuka ukiipata. Ifunguliwe lachi ya ndani tu, na unga wa mtungi upulizwe kupitia ule mwanya.